Nani Amwambie Mama Soko Limeanguka

Mie ni mwoga, na naanza na hilo ili mtu asije akanidhania jasiri huko mbele. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa simu inayoita alfajiri. Lakini sikuwahi kufikiri kama ningekuja kuziogopa bei za hisa za Amerika, mahali nisipopajua hata mlango wake. Nimeziogopa mpaka nikapungua mwili, wenzangu ofisini wakaanza kuniuliza kama niko kwenye dayati.

Nyumba yetu ya Kipawa ilibomolewa kupisha mradi, mama akalipwa fidia. Akanunua kiwanja Madale, akasimamisha kuta mwenyewe, anashinda juani na mafundi, anawapikia uji na kuwagombeza, mpaka nyumba ikafika kwenye lenta. Hapo hela iliyobaki ikawa haitoshi paa. Akahamia kwangu Temeke, chumba cha nyuma, na kila mgeni aliyekuja alimwambia, "Hapa nimepita tu. Mie nyumba yangu iko Madale, nasubiri kupaua." Hilo neno "nasubiri kupaua" alilisema kila siku ya Mungu, na alilisema kwa raha.

Kaka yangu, anayekaa Kawe, ndiye aliyeleta shauri la kuiweka ile hela iliyobaki kwenye kampuni moja ya uwekezaji mjini, yenye mfuko unaonunua hisa za ng'ambo, ikue taratibu mpaka ifike paa. Mama hakukubali siku hiyo. Alijitanda kanga zake akaenda kwanza kumuuliza shehe wa mtaani. Shehe akamwambia hisa za biashara ya halali hazina neno, ila riba akae nayo mbali. Akarudi, akasema haya, wekeni.

Basi kila mwanzo wa mwezi ile kampuni ikawa inatuma kwenye simu taarifa ya hali ya masoko ya dunia, kurasa kadhaa za Kiingereza na michoro ya kupanda na kushuka. Mie kazi yangu ni kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Kiingereza cha makaratasi nakijua, kwa hiyo nikawa msomaji wa mama. Ijumaa jioni nikirudi namkuta kashatandika mkeka barazani, chai ya tangawizi iko kwenye chupa, miwani kavaa ingawa hasomi yeye.

"Haya, Mmarekani kaamkaje?"

"Hajambo, mama. Kapanda."

"Mchina je? Bado kanuna?"

"Bado. Wanasema majumba waliyojenga hayanunuliki."

"Si watupe sie! Na Mzungu wa Ulaya?"

"Anajikongoja."

Aliyauliza masoko ya dunia hali zao kama mtu anayeulizia wakwe. Nilikuwa nacheka, na siku hizo nilizipenda kuliko alivyojua. Ila nikifika kwenye riba, kwamba benki kuu fulani imepandisha au imeshusha, mama alikuwa ananyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Ruka hapo!"

"Mama, hapa ndo wanaeleza kwa nini..."

"Nimesema ruka. Kwa nini yao wabaki nayo wenyewe. Mie riba isipite masikioni mwangu, nitakuja kuulizwa kesho."

Naruka. Ningefanyaje? Huyo ni mama yangu, na dini yake ni yake. Mwezi baada ya mwezi nikawa naruka, na hesabu ya paa ikawa inasogea, mpaka ikabaki robo tu ifike. Fundi wa paa tukaanza kumtafuta.

Kisha ukaja ule mwezi. Niliifungua taarifa nikiwa ofisini, kikombe mkononi. Michoro yote imeelekea chini, na ni myekundu. Nikakaa kwenye kiti cha mtu mwingine. Nikasoma mara ya pili nikidhani Kiingereza kimenishinda. Hakikunishinda. Wakubwa wa dunia walikuwa wamekaza riba, watu wenye fedha zao wakazikimbia hisa, na karibu taarifa nzima ilikuwa inaeleza habari hiyo hiyo ya riba. Mwisho wakaandika kwamba anguko la namna hii hutokea, kwamba aliye na subira asiuze. Subira! Wao wanaandika kwenye kiyoyozi, mama yangu kuta zake ziko wazi na masika inakuja.

Nikampigia kaka. Kumbe naye kashaiona.

"Usimwambie kwa pupa," akasema. "Unajua presha yake. Mwambie polepole, na mie nakuja jioni tuwe wote."

Nikamwambia asije. Kaka yangu huja Temeke Jumapili, na huja mikono mitupu, anakula, anaondoka. Hakusikia. Nilipofika nyumbani nikamkuta kashakaa mkekani, kavua viatu, na pembeni yake kuna mfuko wa matufaha na zabibu, yale matunda watu wanayopelekea wagonjwa hospitali. Nilitamani nimpige na huo mfuko. Mama alikuwa anamwangalia yeye, kisha matunda, kisha mie.

"Haya," akasema. "Mmarekani kaamkaje?"

Nikasema ukweli, wallahi. Nikasema, "Kashuka, mama. Wote wameshuka. Hela yako imepungua, ila wanasema itarudi, tusiiguse."

"Imepungua sana?"

"Imepungua kiasi," kaka akadakia, na akatoa kicheko ambacho hakuna mtu aliyekielewa.

"Endelea kusoma."

Nikaangalia simu. Ukurasa unaofuata riba. Unaofuata riba. Ule wa mwisho, riba. Nikapandisha kurasa zote kwa kidole, nikasema, "Basi, mama. Imeisha."

Mama akavua miwani akaifutia kanga. "Mbona mwezi huu fupi?" akauliza, nikamwambia ni yale mambo asiyoyataka. Akaitikia kwa kichwa. Akamshukuru kaka kwa matunda, akasema amechoka, akaingia ndani bila kuonja zabibu hata moja. Kaka akaninong'oneza, "Umeona? Kalipokea vizuri." Mwanaume mzima anasema hivyo! Mie sikuona hivyo, maana mama akiwa salama hugomba, na jioni ile hakugomba.

Asubuhi chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Kitanda kimetandikwa, chupa za dawa za presha ziko dirishani, mkoba haupo. Nikajiambia kaenda dukani. Nikachemsha chai, ikapoa. Nikapiga simu yake: haipatikani. Nikapiga tena: haipatikani. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja anayekaanga maandazi na aliyezoea kusali naye, akasema alimwona akitoka mara tu baada ya Alfajiri, kavaa baibui la kwendea misibani.

La misibani! Nikaanza kuwaza mabaya yasiyosemeka, reli, bahari, barabara kubwa, huku najikemea astaghfirullah, mama yako si mtu wa hivyo. Nilimpigia kaka nikalia kwenye simu bila kusema neno, naye akaelewa akaja na kigari chake. Tukaanza na Kipawa, kwa wazee waliokuwa majirani zetu. Shikamoo, shikamoo, mama hajapita? Hajapita. Kila mzee anatushikilia tukae tunywe maji, na mie nataka kupiga kelele. Njiani kaka alikuwa anaendesha, mie nazipigia hospitali moja moja kuuliza kama kaletwa mama mtu mzima, mwembamba, wa Kusini, mwenye ndonya ndogo ya zamani, kile kipini cha juu ya mdomo. Hapana. Hapana. Kila hapana nashukuru, na kila hapana inanizidishia hofu.

Ilikuwa mchana kabisa tulipopanda kilima cha Madale. Nilimwona kabla gari halijasimama. Amekaa juu ya rundo la matofali mbele ya nyumba yake, baibui limejaa vumbi, mkoba kaupakata. Ndani ya kuta zile watu wawili walikuwa wanapima kwa futikamba.

"Mama! Tumekutafuta dunia nzima!"

"Dunia si imekufa?" akasema. "Mmeitafutia wapi?"

Alikuwa ameuza. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi wa pale jirani, ambaye siku nyingi alikuwa anakitamani kile kiwanja, na siku zote mama alikuwa anamfukuza kwa maneno. Asubuhi ile kamfuata mwenyewe. Wameshafika serikali ya mtaa, mashahidi wamesaini, muhuri umegongwa, hela imeingia. Bei ya mtu mwenye haraka.

Kaka akamrukia kwa maneno yule bwana, aliyekuwa pale akisimamia wapimaji wake. Yeye akainua mikono tu. "Braza, sikumwita mie. Mama kaja kwa miguu yake, nimemuuliza mara ngapi, mama una hakika? Mwulizeni." Na kweli, hakuwa na kosa. Mwenyekiti wa mtaa, tulipompigia, naye akasema hivyo hivyo. Nikapiga magoti mbele ya mama, sijali vumbi.

"Kwa nini, mama? Nilikwambia itarudi!"

"Niliambiwa hivyo hivyo baba yenu alipokufa."

Akaendelea, sauti yake ya kawaida kabisa. Baba alifia Newala, alikokwenda kutafuta mpingo wa kuchonga. Watu wa huko walimpigia mama simu wakasema mzee kateleza, hajisikii vizuri, njoo. Ndivyo tunavyopeana habari sie, mtu haambiwi msiba kwa simu. Mama akapika supu ya mgonjwa, akaibeba mapajani safari nzima ya Kusini, akiuliza kila kituo kama imepoa. Alifika na supu yake akakuta wanatoka makaburini.

"Sasa jana," akasema, "kaka yako kaja Ijumaa. Na matunda. Wewe unasoma mistari mitatu unaniambia imeisha, na siku zote unasoma mpaka chai inakwisha. Mnanicheka machoni, mnasema itarudi. Mie mtoto? Nikajua hela imekufa imezikwa. Na nawajua nyie. Mngekwenda kukopa kwa riba muipaue nyumba yangu, mwishowe mkauziwa vitanda watoto wenu wanalala chini. Nikasema hapana, bora niuze kuta zangu niwe na cha kujizikia. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mama, haijafa! Imeshuka tu!"

Akaniangalia. Aliona kwamba sidanganyi, nadhani kwa mara ya kwanza tangu jana yake, kisha akageuka kutazama wale watu na futikamba yao. Akasema, "Basi twendeni, jua kali." Kaka alijaribu kurudisha biashara ile siku hiyo na wiki iliyofuata, na hata nyongeza akatoa. Yule bwana alikataa kwa adabu. Kashakata mbao za kupaulia.

Mama akarudi chumba cha nyuma. Hakulia. Presha yake ilikuwa shwari kuliko yangu. Aliacha tu kuwaambia wageni kwamba kapita.

Ikaingia taarifa nyingine, na nyingine baada yake, hali bado mbaya, nikamsomea, akasikiliza bila kuuliza wakwe wala nani. Kisha siku moja nikaifungua ofisini, nikaona imerudi. Michoro imenyanyuka yote, Amerika, Ulaya, mpaka yule Mchina wa kununa. Hela ya mama ilikuwa imerudi pale ilipokuwa, ikapita, ikafika paa. Ikafika kabisa! Ule mwezi wa kuanguka sikuogopa hivi.

Kaka akapiga. "Usimwambie. Mwambie bado inasuasua. Akijua angengoja miezi hiyo tu angepaua, itamuua."

"Na hili tena?" nikamjibu, na nikamkatia simu. Ni kaka yangu mkubwa na sijawahi kumkatia simu maishani.

Jioni nikakaa mkekani kabla mama hajaniita. Nikamwambia, "Leo haturuki kitu, mama. Hata riba utaisikia, dhambi nibebe mie." Hakunizuia. Nikasoma ukurasa kwa ukurasa, kwa nini hisa zilianguka, kwa nini zimerudi, nani kakaza na nani kalegeza. Chai ikaisha. Kisha nikamwangalia usoni, nikamwambia, "Hela yako imerudi yote na imezidi. Inatosha paa. Ungengoja, sasa hivi tungekuwa tunapaua."

Alikuwa anasokota pindo la kanga. "Yote?"

"Yote."

"Hunifichi?"

"Sikufichi."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi. Kisha akakishika kichwa chake kwa mikono miwili, akaachia. Alilia kwa sauti, kile kilio cha wanawake wa kwetu kinachovuka kuta, anaita nyumba yangu, nyumba yangu mie, vyumba vyangu, baraza langu. Nikamkumbatia, nikalia naye, na nilikuwa naogopa, lakini sikumwambia anyamaze.

Yule jirani wa maandazi akaja mbio, unga mikononi, anauliza nani, jamani, nani kafa? Nikamwambia hajafa mtu, masoko ya dunia yamepanda. Alitutazama, mie na mama. Akavua ndala zake mlangoni, akaja kukaa na sisi mkekani.