Siagi ya Mlinzi wa Nyumba

Vijiko viwili vya siagi vilimgharimu mama kazi. Leo nimenusa siagi ikiyeyuka kwenye uji wake, nikarudi utotoni, jikoni mwa ajuza wa mji wa Plymouth, ughaibuni, aliyetunzwa na mama. Kila Krismasi ajuza alimwekea mlinzi wa nyumba, kijizee kisichoonekana cha kwao Norwe, bakuli la uji wenye siagi. Krismasi moja nikapiga hesabu: asiyeonekana hawezi kulalamika. Nikaila siagi yote.

“Umemnyima mlinzi siagi,” ajuza akamwambia mama. “Ataihama nyumba yangu.”

“Samahani, nyanya. Labda nilisahau.”

Akamfukuza. Mimi nikanyamaza.

Sasa mama anapoteza kumbukumbu. “Kusahau kwangu kulianza na ile siagi,” husema.

Nyinyi mnaotunza wazazi, nishaurini: nimwambie leo, maadamu bado ananijua?