Kilo Saba na Kufuli

Mimi sina subira, nasema mwenyewe kabla wenzangu hawajanichongea. Kazi yangu ni kuchanganya dawa za saratani kwenye wodi ya watoto, na siwezi kugusa chupa mpaka karatasi ya uzito ifike, maana dawa ya mtoto mdogo hupigiwa hesabu kwa kilo zake. Na anayeleta karatasi hiyo ni Mama Mizani, mtu asiyekimbizwa na yeyote.

Mama Mizani aliajiriwa kufagia. Kabla ya hapo aliuza vitunguu sokoni miaka kumi na saba. Madaktari walipoanzisha utafiti wao, wajue kama watoto wachanga wenye saratani wakiongezewa maziwa maalumu watahimili dawa vizuri zaidi, walitafuta mtu wa kupima uzito. Waliona watoto wakipiga mayowe kwa kila muuguzi, ila kwa mfagiaji wananyamaza. Wakampa mafunzo, akarudi na koti jeupe na maringo kidogo. Desturi yake hakuiacha: kila mtoto humpakata kwanza, akafumba macho, akakisia kilo, akaandika kwenye daftari lake mwenyewe, ndipo ampandishe kwenye mizani. Tulimcheka mpaka basi.

"Mama Mizani, na mimi nipakate basi unikisie!"

"Wewe nenda kwenye mizani ya malori," alinijibu.

Sasa kulikuwa na mtoto wa miezi kumi na minne, ana uvimbe wa saratani kwenye figo. Bibi yake, aliyekuwa akimlea, alimwita Bonge. Bonge gani, jamani, mbavu unazihesabu! Lakini bibi alisema jina litangulie, mwili utafuata. Mtoto alitakiwa apate dawa wiki kadhaa, apate na nguvu, ndipo apasuliwe. Akidhoofu, upasuaji unasogezwa mbele na uvimbe haungoji mtu.

Bonge aliogopa mizani kuliko sindano. Kwa hiyo bibi alipimwa peke yake, kisha akaenda nyuma ya pazia kumchukua mtoto kitandani, akapanda naye, na Mama Mizani akautoa uzito wa bibi. Wiki tatu mfululizo uzito ulipanda: kilo saba, saba na gramu mia, saba na gramu mia mbili. Sote tulifurahi. Kwa kuwa mtoto alilia akitolewa kwa bibi yake, hata Mama Mizani aliacha kumpakata.

Asubuhi ya kipimo hicho cha tatu nilikuwa nimeshavaa glavu jozi mbili, nasubiri. Nikaona nusu saa imepita. Nikavua kila kitu, nikaenda mwenyewe nimefura.

"Kuna nini tena? Andika nikafanye kazi!"

Mama Mizani alikuwa amempakata Bonge. Mtoto hakulia. Alikuwa amelegea, na hilo ndilo lililomshtua.

"Huyu hafiki saba," alisema.

"Mizani imesema saba na gramu mia mbili. Utabishana na mizani?"

Akaweka jiwe la chuma la kilo tano la kukagulia mizani. Mizani ikasoma tano kamili. Nikamwambia, unaona sasa, ni mikono yako imezeeka. Sikuwa na adabu, najua. Mama Mizani alimtazama bibi, akautazama upindo wa nguo yake ulivyoning'inia kiunoni, umevutwa chini na kitu kizito. Akauliza taratibu:

"Bibi, nyumbani mlango umeufunga na nini leo?"

Bibi alikaa chini sakafuni. Akafungua fundo, akatoa kufuli la chuma, kubwa kama kiganja, alilolifunga kule nyuma ya pazia; wiki zilizotangulia, alikiri, alifunga dogo zaidi.

"Msimtoe mjukuu wangu," alisema. "Nawaomba. Yule wa kitanda cha pili alipungua kilo, kesho yake hakuwepo. Mlimtoa kwenye maziwa. Mimi na huyu tumebaki wawili tu duniani."

Nilijisikia vibaya mno. Yule wa kitanda cha pili tulimhamishia wodi nyingine alishwe kwa mpira wa puani, kwa sababu anayepungua ndiye anayeongezewa. Hiyo ndiyo kanuni ya utafiti. Bibi tulimsomea karatasi za ridhaa, kurasa tisa, akaweka dole gumba, na hilo moja hakuna aliyelisema kwa mdomo wake.

Mama Mizani akaketi naye sakafuni. "Mama yangu, akipungua anaongezwa. Na dawa tunampa kwa kilo zake. Kufuli nalo tumelipa dawa."

"Yaani nimemzidishia sumu na kumnyima maziwa? Kwa mkono wangu?"

"Kwa mkono wako na wetu. Inuka, tumpime yeye mwenyewe."

Kilo sita na gramu mia sita. Nilikuwa tayari kuchanganya dawa ya mtoto asiyekuwepo! Daktari mkuu alifuta vipimo vya wiki tatu, akaahirisha dawa siku nne, Bonge akawekewa maziwa ya ziada siku hiyohiyo. Bibi akauliza kama wametolewa. Daktari akasema, "Hapana, bibi. Tumekosea sisi." Kuanzia hapo kila mlezi huambiwa kwanza kwa mdomo: akipungua, anaongezwa.

Na bibi naye akaweka desturi yake. Kila wiki, kabla hajaulizwa, anafungua fundo, kufuli linatua mezani, ko! "Haya, pimeni."

Bonge alipasuliwa miezi miwili baadaye. Uvimbe ulitoka. Dawa zikaendelea, akatapika, akanyonyoka nywele, akala, akatapika, akala tena. Siku ya kipimo cha mwisho alipanda mizani kwa miguu yake, kashikilia lile kufuli la bibi yake kwa mikono miwili. Tulimbembeleza aliachie. Wapi! Mizani ikasoma kilo tisa na gramu mia saba.

Mama Mizani akachukua kalamu, akatoa gramu mia sita za kufuli, akaandika kilo tisa na gramu mia moja. Kisha akafungua daftari lake la makisio, akanionyesha alichoandika kabla: tisa na mia moja.

Nikamwomba msamaha mbele ya watu wote. Karatasi, kwa mara ya kwanza, sikuihitaji: Bonge hakuwa na dawa tena ya kuchanganyiwa.