Wiki Tuliyosukuma Kinu

Kwetu Kimbiji hatukuwa watu wa kununua mafuta dukani. Baba alikuwa na kinu ndani ya banda: gogo la mkwaju lililochimbwa katikati, mchi mnene ndani yake, na boriti ndefu iliyovutwa na punda akizunguka, amefungwa macho kwa kitambaa ili asipate kizunguzungu. Ufuta ulisagika, mafuta yakachuruzika kwenye debe, na mashudu wakala kuku. Sisi wanawake kazi yetu ilikuwa kupepeta ufuta nje. Baba alishikilia kwamba mwanamke akikanyaga bandani, mafuta yanakimbia. Yanakimbilia wapi, hakusema.

Enzi za Ujamaa, uongozi wa kijiji ukataka ufuta wote upelekwe kwenye mashine mjini, na banda letu ligeuzwe ghala. Baba akaomba nafasi moja: waje Ijumaa, wakikuta hajajaza madebe ya mafuta aliyopangiwa na kijiji, banda walichukue. Wakakubali. Asante ya punda ni mateke, lakini wetu alipitiliza. Jumanne akafa.

Baba akajikunyata barazani, chakula hagusi. Nilimwonea huruma, na nilikasirika vilevile, maana nyumba ilikuwa na wanawake wanne wenye afya zao na hakuna aliyetuuliza kitu. Mama hakungoja kuulizwa. Alijifunga kibwebwe, akaingia bandani, akaishika boriti. Mimi na shangazi zangu wawili tukamfuata.

Baba alikuja mbio kututoa. Alipoona tunavyoyumba, hasira zikamwisha, akaokota kile kitambaa cha punda.

"Mama watoto, jifunge basi. Utaanguka."

"Mie sifungwi macho," mama akamjibu, bila kusimama. "Wewe tia ufuta."

Akatia. Tulizunguka siku ile na zilizofuata. Kizunguzungu kikituzidi tuliketi chini tukichekana, shangazi mmoja akatapika, kisha tukainuka tena. Mafuta hayakukimbia popote.

Ijumaa, baada ya sala, viongozi wakaja na kukuta madebe yamejaa. Mwenyekiti alichovya kidole, akaonja, akasema banda libaki. Halafu akataka kujua, kwenye mkutano wa kijiji amtaje nani kuwa mwenye kinu.

Baba akamgeukia mama. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, viganja kavigeuza juu, vimechubuka hata kukunja vidole hawezi.

"Muulize yeye," baba akasema. "Mwenye kinu ndiye huyo."