Muuza Tiketi wa Mamba na Redio Iliyonyamazishwa

Eneria Polanco alikuwa ameuza tiketi za Mamba, timu ya besiboli ya Puerto Lirio, tangu ujana wake, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona mchezo hata mmoja. Dirisha lake lilitazama barabarani. Uwanja ulikuwa nyuma ya mgongo wake, na besiboli aliijua kwa masikio: nyuma kelele za watu, mbele redio ndogo iliyomwambia kelele zile ni za nini. Ungemuuliza mrushaji gani mkono wake umeanza kuchoka, angekujibu bila kusita. Ungemkutanisha na mrushaji huyohuyo sokoni, angempita.

Sauti ya kwenye redio ilikuwa ya Ludovino Ureña, kompadre wake, aliyemshika binti yake siku ya ubatizo.

Mwezi Novemba wa msimu ule, don Persio Almánzar, mwenye timu na mwenye kiwanda cha saruji, alishuka kutoka mji mkuu akawakusanya wafanyakazi chini ya jukwaa. Hakuzunguka mbuyu. Timu ilikuwa inamlia pesa. Mishahara, taa, basi, hoteli, na watu waliokuja hawakujaza hata robo ya viti. Kulikuwa na matajiri mji mkuu waliotaka kuinunua na kuihamishia kwao.

"Ikifika Krismasi sijaona nusu ya uwanja imejaa, nasaini," alisema.

Alisema kama anayeuza lori bovu. Lakini Mamba hawakuwa lori. Mji ule ulishapoteza kiwanda chake cha sukari, ukapoteza treni yake, ukapoteza kila kijana aliyepata nauli. Jina la Puerto Lirio lilikuwa limebaki mahali pamoja tu nchini, kwenye jezi, vifuani mwa wachezaji wale, na sasa mtu mmoja na kalamu yake alitaka kulifuta hata hapo.

Eneria akanyoosha mkono.

"Watu wapo, don. Wako madukani wanakunywa bia na kusikiliza redio. Bia ya huko ni nusu ya bei ya humu. Nani atalipa kiingilio wakati Ludovino anampelekea mchezo mpaka mezani? Zima matangazo hapa mjini, utaona watakavyokuja."

Ludovino alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Komadre," akasema polepole, "unaniuza na mimi nipo?"

"Ni wiki chache tu, kompadre. Kwa ajili ya timu."

"Hata Yuda alikuwa na sababu zake."

Don Persio aliupenda mpango usiomgharimu senti. Redio ikanyamazishwa, na mahali pa Ludovino pakawekwa muziki.

Ijumaa iliyofuata Eneria alifika mapema, amevaa hereni, akapanga chenji nyingi kuliko kawaida. Hakuna aliyekuja isipokuwa wale wa siku zote, na hata wao hawakutimia. Huko ndani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Watu wa Puerto Lirio hawakuwa wakiingia uwanjani bila redio sikioni. Mtu aliuona mchezo kwa macho yake, lakini hakuuamini mpaka Ludovino auseme. Sasa walizungusha vitufe wakakuta nyimbo za mapenzi. Mkimbiaji mmoja alijitupa kuwahi besi ya pili, kituo chake, katikati ya vumbi, na jukwaa zima likageukiana.

"Katolewa au hajatolewa?"

"Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona, lakini nani kasema?"

Dirishani, Eneria alisikia kelele kubwa nyuma yake, akageuka kuutazama ukuta. Ukuta haukumwambia kitu.

Jumanne alipita kwa Chago kinyozi, mteja wake wa miaka mingi.

"Chago, nikuwekee kiti chako kesho?"

"Kesho kuna nini?"

"Mamba, mwanangu. Mamba wanacheza."

"Kumbe bado wapo?" Chago aliendelea kunoa wembe. "Siku hizi nani anashika zamu ya nne ya kupiga?"

Eneria akafungua kinywa ajibu, akagundua hajui. Palepale mlangoni akaelewa. Redio haikuwa imewazuia watu kuja. Redio ndiyo iliyokuwa ikiwachokoza kila jioni, mpaka siku moja mtu anasukuma glasi yake kando na kusema leo lazima nikaone mwenyewe. Yeye ndiye aliyeuzimia mji mzima hamu, kwa mdomo wake, na kwa nia njema.

Akapika wali, akauacha makusudi ushike chini, akabandua ukoko mzima, akaufunga kwenye kitambaa na kwenda nao kwa kompadre, aliyeupenda ukoko kuliko wali. Hakuwepo nyumbani. Alimkuta dukani, watu wamejaa mpaka barabarani, anatangaza mchezo wa dhumna.

"Anaishika sita mbili," Ludovino alikuwa akisema kwa sauti ileile, "anaitazama. Anamtazama mwenzake. Mwenzake anatazama dari, mabibi na mabwana, na kwenye dari hakuna msaada."

Eneria alisubiri mchezo uishe. Kisha akamwekea ukoko mbele yake. Ludovino akaunusa, hakuugusa.

"Nilikosea, kompadre."

"Sema kwa sauti. Wale wa barabarani hawajasikia."

"Nilikosea," akasema Eneria, na watu wa barabarani wakasikia. "Don Persio nimeshampigia. Kaguna, lakini kakubali. Rudi."

Ludovino akavunja kipande, akatafuna taratibu, kama hakimu.

"Nina sharti. Mtu asinipangie la kusema."

Alirudi hewani usiku uliofuata, na kati ya mzunguko mmoja na mwingine, mahali pa tangazo la saruji, akaanza kuita viti.

"Upande wa besi ya tatu, safu ya nne, naona kiti cha Chago kinyozi. Kitupu. Chago ni mzima wa afya, jana kaninyoa, na kaniharibu. Chago, mkeo anadhani uko hapa."

Kabla mzunguko haujaisha pikipiki ilisimama mbele ya dirisha la Eneria. Chago alishuka, shuka la kunyolea bado liko begani.

"Nipe tiketi upesi, dada. Huyu mshenzi anataka kunivunjia nyumba."

Kufikia mchezo wa tatu kulikuwa na foleni. Hakuna aliyetaka kutajwa, na wengine, ukweli usemwe, walichelewa makusudi ili watajwe. Muuguzi mkuu alitajwa, padri alitajwa, akaja na kofia akidhani hatambuliwi. Halafu usiku mmoja Eneria akasikia sauti ya kompadre ikishuka, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.

"Na kule juu ni boksi, chumba cha mwenye timu cha kutazamia mchezo. Viti sita vyenye mito. Misimu mitatu sijaona mtu akivikalia. Mito bado ina nailoni yake."

Eneria alijifunika uso kwa mikono. Timu sasa imekwisha, aliwaza, na sisi pamoja nayo.

Mchezo wa mwisho kabla ya Krismasi, tiketi ziliisha mapema na watu wakaendelea kuja. Mama mmoja muuza ndizi za kukaanga alisimama dirishani na wanawe watano, pesa mkononi, wote wamevaa kofia za Mamba. Eneria alimtazama. Akaandika tiketi sita za boksi kwa mkono wake, akazipiga muhuri.

Dakika chache baadaye don Persio alikuwa mbele yake, jasho likimtoka.

"Eneria. Kuna mtoto anakula ndizi kwenye kiti changu."

"Nimeviuza, don."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ulisema unataka kuona uwanja umejaa. Hukusema unataka kuwa ndani."

Alitegemea kufukuzwa palepale. Don Persio alitazama mlango uliosongwa na watu, akatazama foleni iliyokuwa bado inamsukuma mgongoni. Hapakuwa na pa kupita. Eneria akamfungulia mlango mdogo wa kibanda, akamsogezea kreti ya bia. Mwenye timu akaketi, magoti karibu kidevuni, na redio ikaendelea.

"Mpigaji anarudi nyuma, anafuta mikono," Ludovino alisema. "Vumbi halijatulia."

Simu ya don Persio ililia, kutoka mji mkuu. Akaisikiliza kidogo, kidole kimoja kimeziba sikio la pili.

"Hapana," akasema. "Msimu huu siuzi. Nimeshasema siuzi. Mwakani tutazungumza, au hatutazungumza." Akasogea karibu na redio. "Sikiliza, siwezi kuongea sasa, kuna wakimbiaji wawili kwenye besi."