Kuitafuta Ndui Oldonyo Sambu

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Afya wa Wilaya alinikabidhi baiskeli, mfuko wa turubai na swali. Nilikuwa nimetoka chuoni, kaptura imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe.

"Kijana wa Makumira, ukifika kwenye boma la mtu utauliza nini?"

"Kama kuna mgonjwa, bwana."

"Basi utarudi na vumbi tu. Uliza ng'ombe kwanza."

Nilidhani ananitania.

Ninyi mnaosomea afya leo mna simu mkononi. Wakati wetu taarifa ya ugonjwa ilitembea kwa miguu, nasi tuliifuata. Ukimpata mgonjwa mmoja, unauliza amekaa na nani, kisha unamtafuta huyo kabla hajawaambukiza wengine. Ndui ndiyo tuliyoiogopa kuliko yote. Vipele vyake, tofauti na vya tetekuwanga, hujaa zaidi usoni na mikononi, hata viganjani. Na aliyeambukizwa huweza kukaa karibu wiki mbili akiwa mzima kabisa, anacheka na watu, anasafiri. Ndani ya siku hizo za ukimya ndipo tulipokimbizana nayo.

Nilikutana nayo mjini, mtaa wa Kaloleni, katika nyumba ya vyumba vya kupanga. Binti mdogo, Zuhura, alikuwa amelala juu ya mkeka, uso umejaa. Nilifungua viganja vyake nikajua. Mama yake alikuwa amewaambia majirani ni tetekuwanga.

"Nani mwingine amekuwa akimshika?"

"Mimi, na mdogo wangu Ramadhani. Yeye ndiye aliyembeba tangu homa ilipoanza. Ameenda Oldonyo Sambu, ng'ambo ya mlima, kununua ngozi." Akanishika mkono. "Baba, mkimkuta msimwache afe peke yake huko porini. Mimi sina ndugu mwingine."

Tuliwachanja wapangaji wote, mama Zuhura akiwa wa kwanza, kwa sindano ile yenye ncha mbili, kama uma wa mdoli. Kisha Bwana Afya akanitazama. Siku ya mnada wa Oldonyo Sambu ilikuwa imekaribia, na watu hutoka pande zote za mlima kuja kuuza mifugo. Ramadhani akiingia pale na homa, kila njia itokayo mnadani itaibeba ndui nyumbani.

Nilizunguka mlima nikifika kila boma kwa haraka. "Habari za hapa?" Nzuri. "Kuna mgonjwa?" Hakuna. Boma baada ya boma, nzuri, hakuna. Nikafika kwa Mzee Lemali, mfugaji wa Kiarusha, nimesimama na baiskeli, mguu mmoja juu ya pedali.

"Habari za hapa, mzee? Kuna mgonjwa?"

"Nzuri. Hakuna." Akanipima kwa macho. "Wewe Mmeru, unafukuzwa na simba?"

"Nina haraka, mzee. Ni kazi ya serikali."

"Serikali haijui kukaa?"

Nililaza baiskeli, nikaketi kwenye kigogo. Nikakumbuka ushauri niliopewa, nikauliza ng'ombe. Wazima. Mbuzi? Wazima. Mvua? Akaeleza ilikonyesha na ilikopita. Kisha akanyamaza, akingoja. Ndipo nilipoelewa. Kwa watu wake, wakikutana njiani, kila mmoja hutoa habari zake zote, alikotoka na alichokiona, naye mwenzake huitikia "ee" hadi ziishe. "Nzuri" ni mlango tu. Mimi nilikuwa nikibisha hodi na kuondoka.

Nikatoa zangu. Nilitoka Kaloleni. Ee. Kuna mtoto anaumwa ndui. Ee. Yu hai. Ee. Mama yake anamlilia ndugu yake, mnunuzi wa ngozi.

Mzee akasimama, akashika fimbo.

"Ungesema tangu mwanzo kwamba umetumwa na dada yake."

Nyuma ya zizi, mbali na nyumba nyingine, kilikuwepo kibanda kipya cha majani. Mlangoni alikaa bibi mwenye makovu ya ndui usoni, kibuyu cha maziwa mapajani. Aliugua akiwa msichana, kwa hiyo haikuweza kumrudia. Ndiyo maana yeye peke yake aliruhusiwa kuingia. Ndani alilala Ramadhani, vipele ndiyo kwanza vinatoka.

"Ni mimi," alisema nilipomwita jina. "Zuhura je?"

"Anakunywa uji."

Akageukia ukutani akalia.

Nikamuuliza mzee kuhusu mnada.

"Hautakuwepo. Habari zilishapita mlimani. Hakuna atakayeshusha ng'ombe."

Nilitoka mjini na chanjo mfukoni nikidhani ninawaletea karantini, kumbe wao walikwisha kuiweka, bila tarumbeta wala bango. Kilichokosekana kilikuwa chanjo, nami niliwachanja wote, Mzee Lemali akisema sindano yangu inauma kidogo kuliko maneno yangu.

Ramadhani alipona. Nimestaafu muda mrefu sasa, na ndui haipo tena duniani. Juzi Zuhura alipita kunisalimu, bibi mwenye wajukuu, mashavu yenye vishimo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Nikamsogezea kiti, nikauliza kuku. Wazima. Mahindi? Yanabeba. Nikanyamaza.

"Ila mjomba Ramadhani," akasema, "anakohoa tangu mwezi uliopita, na hospitali hataki."

Nikaomba nipewe fimbo yangu, twende kwake.