Kifuniko cha Pipa la Nélida

Hermelinda Tasayco hakuwa mtu mbaya, asikudanganye mtu. Mtaa wetu wa Februari Pili, uliopewa jina la siku tuliyouvamia mchanga huu nje ya mji wa Ica, usingekuwepo bila yeye. Ndiye aliyewatolea uvivu polisi walipokuja kubomoa vibanda vyetu vya matete. Ndiye aliyeganda mlangoni pa manispaa mpaka wakachoka kumwona, wakatupatia boza, lori la maji, kila Jumanne. Zabibu zilipokosa soko na watu wakakaa bila kazi, ndiye aliyesimamia chungu cha pamoja, kila nyumba ikapata bakuli. Basi tukamchagua mwenyekiti, tukamchagua tena, na yeye, tusifichane, akazoea kutiiwa.

Nélida Ccencho alikuja baadaye, kutoka milimani Huancavelica. Mumewe alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya asparaga na kulala huko huko, kwa hiyo siku nyingi mama wa watu alikuwa peke yake na bintiye Yadira, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea. Wakati huo manispaa ilikuwa imetuahidi bomba, kwa sharti kwamba mtaro tuuchimbe wenyewe. Kila Jumapili ilikuwa msaragambo, kazi ya wote, sururu na koleo, jua likituchoma visogo. Nélida alikosa Jumapili ya kwanza, akakosa na ya pili.

Hermelinda akamkuta dukani.

“Jirani, kilichovunjika ni sururu au mkono?”

“Mkono mzima, mama mwenyekiti, ila umembeba mtoto. Kwani nisipokuja meya atanifunga?”

“Meya gani tena?” akadakia mwenye duka, mzee Abilio. “Si huyu hapa mbele yako!”

Watu wakacheka. Hermelinda naye akacheka, cha mdomoni tu, akaondoka na mkate wake bila kungoja chenji. Njia nzima alikuwa anaongea peke yake.

Jumanne ikafika. Kwetu siku ya maji kila mtu analitoa pipa lake kando ya njia na kuliacha wazi. Dereva wa boza, Saturnino, hapigi hodi kwa mtu. Pipa likiwa wazi analijaza, likiwa limefunikwa anajua mwenyewe bado ana maji, anapita. Hermelinda alikuwa na kawaida ya kutangulia mbele ya gari, akinyoosha mapipa yaliyokaa upande na kuwafukuza mbwa. Alipofika kwa Nélida, mlango ulikuwa umerudishwa na ndani mtoto analia. Akatazama nyuma, akatazama mbele. Akachukua kile kifuniko cha mbao kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, akalifunika pipa na kuweka jiwe juu.

Boza likapita. Mwenyekiti akaona raha. Ndiyo, raha, tuseme kweli tu. Vumbi lilipotulia akarudi, akaondoa jiwe, akakirudisha kifuniko ukutani kama alivyokikuta, asije mtu akauliza.

Alikusudia kumtia adabu kidogo, basi. Jioni angempelekea ndoo mbili na maneno mawili matatu ya mtu mzima kwa mtoto. Lakini mchana huo akaja mhandisi wa manispaa kuukagua mtaro. Ikabidi apikiwe carapulcra ya viazi vikavu, aonyeshwe huku na huku, apigwe picha na akina mama. Ndoo zikamtoka kichwani kabisa.

Nélida alipotoka nje akakuta pipa wazi, halijajazwa. Akalikimbilia boza, lilikwisha kuteremka. Majirani wengi walikuwa mashambani, na hao wachache waliokuwepo hakuwazoea. Kuomba maji kwetu si sawa na kuomba chumvi. Akainamisha pipa, akakomba maji kidogo yaliyobaki chini, yenye mchanga na utando wa kijani, akayachuja kwa kitambaa. Gesi ya kuyachemshia ilikuwa imemwishia. Akampa mtoto hivyo hivyo.

Habari ilimfikia Hermelinda akiwa anamenya viazi: Yadira anaharisha na kutapika, macho yamemdidimia, amekimbizwa hospitali akiwa hana hata nguvu ya kulia. Kisu kikamponyoka. Mara moja akajua, hakuhitaji kuambiwa.

Akaenda hospitali na supu ya kuku kwenye chupa ya chai. Mtoto alikuwa amelala na dripu kwenye kijikono kisichozidi kijiko. Nélida alipomwona, akamwangukia kifuani.

“Mtaa mzima umekuja wewe tu, mama. Wewe tu!”

“Pole, mwanangu. Pole.”

“Ni yule Saturnino. Kanipita makusudi kwa sababu sisi ni watu wa milimani. Mungu anamwona.”

Hapo ndipo pa kusema. Hermelinda akafungua chupa badala yake. Akamkorogea Nélida supu, akamlisha kwa mkono wake, na kila kijiko roho ilikuwa inamsuta: muuaji, unamlisha mama wa uliyemwua. Ingawa mtoto hakufa. Alirudi nyumbani amekonda, shingo haimudu kichwa, lakini alirudi.

Jumapili tukakutana mkutano wa mtaa, pale kwenye kiwanja cha mpira. Ajenda ilikuwa Saturnino. Manispaa walikuwa wamesema wazi: mkutano ukimkataa dereva huyo, hana kazi. Mwenyewe alikuja, kofia mkononi, uso umemshuka.

“Pipa lilikuwa limefunikwa,” akasema. “Jiwe juu. Nililiona kwa macho yangu haya.”

“Mwongo!” Nélida akapiga kelele. “Nililikuta wazi!”

“Aondoke! Katuchosha!” watu wakadakia.

Saturnino akageuka. “Mama mwenyekiti, wewe ulikuwa mbele ya gari langu. Nisaidie. Sema ulichokiona.”

Hermelinda akafikiria bomba. Akisema, wakamtoa uenyekiti, nani atamfuata mhandisi? Mtaro utajaa mchanga, tutakunywa maji ya pipa mpaka tuzeeke. Ilikuwa sababu nzuri, na ndiyo aliyojiambia wiki nzima kila alipokosa usingizi. Kisha akaiona ile kofia, jinsi mtu mzima alivyokuwa anaikunjakunja kama kijana aliyeitwa kwa mwalimu.

“Nililifunika mimi,” akasema. “Jiwe niliweka mimi, na niliondoa mimi. Saturnino hana kosa. Nélida aliwafanya watu wanicheke dukani, nikamkasirikia. Hakuna zaidi. Nimekaribia kumwua mtoto wa watu kwa ajili ya kicheko. Mnifanye mnavyotaka.”

Akasimama anangoja matusi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile alivuta pumzi ikafika chini.

Aliyeanza ni Rosalvina, shoga yake wa chungu cha pamoja. “Haya, na huyo Nélida, msaragambo alikuja?”

“Hakuja!” mtu akajibu.

“Sisi tunakatika migongo, yeye akae kivulini, halafu maji anywe sawa na sisi?”

“Rosalvina, nyamaza,” Hermelinda akasema. “Nimesema ilikuwa hasira yangu.”

“Hasira ya haki, mama!” mzee Abilio akasimama. “Tena mimi napendekeza iwe sheria. Asiyekuja kuchimba, pipa lake lifunikwe. Anayechimba hana la kuogopa.”

Watu wakapiga makofi. Hermelinda akapaza sauti, akasema mnanielewa vibaya, akasema mtoto, mtoto jamani! Wakamwambia mama, usijitese, una moyo mzuri kupita kiasi. Saturnino, aliyekwisha kuokoka, akavaa kofia yake na kutazama chini. Na kwa kanuni zetu mwenyekiti hapigi kura ila zikilingana. Kazi yake ni kuuliza na kuhesabu tu.

“Wanaokubali?” akauliza.

Mikono ikainuka kiwanja kizima. Hermelinda alikuwa anamtafuta mtu mmoja tu, akamwona nyuma kabisa, amembeba Yadira begani. Nélida alikuwa anatazama huku na huku, mikono ya majirani kulia, mikono ya majirani kushoto. Kisha akamhamishia mtoto upande wa pili, ili mkono wa kuume upate nafasi, naye akauinua.