Mshenga wa Phelesia

Mwaka huu chuo kimoja cha Homa Bay kiliacha kuwahoji waombaji ana kwa ana. Kazi hiyo kikaipa akili unde, ile tunayoiita AI tu huku kwetu. Unapigiwa simu, sauti ya mashine inakuuliza, unajibu kwa dakika kumi, na mashine hiyo ndiyo inayoamua nani aingie na nani abaki nyumbani. Sasa niambieni, ni nani aliyemtayarisha Phelesia Nyatichi kwa mambo hayo?

Phelesia ni Mkisii aliyeolewa Mbita, kando ya ziwa, na kwa miaka kumi na sita amekuwa akikausha mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, kwa moshi. Alitaka kusomea usindikaji wa samaki. Alitaka mpaka chakula hakishuki! Nafasi zilikuwa ishirini, waombaji mia nne, na chuo hakichukui mtu aliyetimiza arobaini. Yeye anatimiza Desemba. Ilikuwa sasa au basi tena.

Siku ya kuhojiwa akavaa gauni lake la Sabato, akaketi kando ya tanuri lake la samaki, simu mkononi, spika juu. Pembeni yake alikaa mama mkwe, Filister, mwanamke ambaye akikohoa ufuoni wenye boti wanageuka.

"Karibu, Phelesia," mashine ikasema kwa Kiswahili cha redio. "Tuambie sifa zako. Kwa nini tukuchague wewe?"

Jamani, mtu ajisifu kwa mdomo wake mwenyewe? Huku hata posa huendi kujisemea. Yuko mshenga wa kukusemea, wewe unainamisha kichwa tu. Phelesia akainamisha kichwa. Kisha, kwa heshima zote, akampa mama mkwe simu.

"AI, mwanangu," Filister akaanza, "habari ya huko? Watu wako hawajambo?"

"Tafadhali jibu swali."

"Lo, katoto haka kana haraka! Haya, sikia. Huyu nyar Kisii, binti wa Wakisii, alikuja kwangu hajui hata kushika samaki. Leo wanunuzi wanatoka Migori mpaka hapa, wanamtaka yeye tu. Hachoki. Hajawahi kunijibu vibaya, miaka kumi na sita! Mimi mwenyewe nisingejivumilia hivyo!"

Phelesia akaduwaa. Mama huyu, ambaye sifa yake kubwa mpaka leo ilikuwa "ugali si mbaya"! Machozi na kicheko vikamjia pamoja, akaziba mdomo kwa leso.

"Sauti ya mwombaji haijasikika," mashine ikasema. "Zimebaki dakika tatu."

Phelesia akanyosha mkono arudishiwe simu. Lakini Filister alishapamba moto, haambiliki. "Na samaki akiwa tayari anamjua kwa kunusa tu! Kuni yoyote, moto wowote, ananusa, kwisha!"

"Kunusa?" Phelesia akampokonya simu. Sifa angezivumilia, uongo kuhusu samaki, hapana. "Mama, acha! Kunusa hakutoshi. Kuni mbichi inatia uchungu. Moto ukizidi mwanzoni ngozi inakauka, maji yanabaki ndani, siku ya nne ukungu umeingia. Unaanza polepole, unageuza, unabonyeza pale karibu na mgongo usikie kama kumekauka..." Akaendelea mbio mbio, mkono ukikata hewa, mpaka mashine ikamkatiza ikisema muda umekwisha.

Wakatazamana. Halafu wakacheka mpaka wakashikana mabega wasianguke.

Ijumaa ujumbe ukaingia: Phelesia amepata nafasi. Vigelegele! Filister akatoka mbio mpaka ufuoni. "Tumepita! Mimi na nyar Kisii tumepita!" Watu wakampongeza yeye kwanza, naye akapokea bila aibu.

Aliporudi, akamkuta Phelesia amesimama mbele ya tanuri, furaha imemkatika ghafla.

"Mama, na samaki je? Nikienda, nani atakausha?"

Filister akajifunga leso kiunoni, akaitupa kando kuni moja mbichi.

"Mimi. Kwani ulidhani ni mashine peke yake iliyokuwa inakusikiliza?"